Majaruba ya Hamido

Olumbi, Jumatatu 7 Julai

Daftari jipya. Kila msimu wa chumvi nanunua moja, na lililokwisha naliweka kwenye sanduku la bati pamoja na vitenge vya marehemu mama. Ya zamani yaliungua na nyumba tulipokimbia vita vya juzi, kwa hiyo sandukuni yamo manne tu. Wanawake wa hapa wananicheka, ati Atija anaiandikia chumvi barua. Waache wacheke. Nilisoma mpaka darasa la saba upande wa pili wa mto Ruvuma, tulipokuwa wakimbizi huko Mtwara enzi za vita vya zamani, na mwandiko wangu umenyooka kuliko wa katibu wa kijiji. Sikusoma ili nije kuhesabu kuku.

Leo tumesafisha lango la maji. Hamido kaingia topeni mpaka mapajani, akatoka na kaa kamng'ang'ania kidole, anapiga kelele kijiji kizima kisikie. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Niandike hapa mara moja: mdomoni namwita Baba Zuleica, kama mke mwenye adabu zake. Kwenye daftari ni Hamido, maana daftari halina masikio.

Ijumaa 11 Julai

Bamvua. Tumefungua lango alfajiri, bahari ikaingia, majaruba yote sita ya chumvi yamejaa.

Jumatano 16 Julai

Feliciano kafika na gari lake kutoka Mueda kuuliza bei ya mwaka huu. Kila mwaka anauliza, kila mwaka analia, kila mwaka ananunua. Nimemwambia gunia ni metikali mia tatu. "Mama, jirani zako unawapa kwa mia na hamsini!" Nikamwambia jirani zangu wananisaidia kukomba chumvi, na wewe unaipandisha mlimani unaiuza mara mbili. Ukifiwa njoo, nitakupa bure kama ninavyowapa wote wenye msiba. Akasema Mungu apishe mbali, akaweka oda.

Akaondoka akisema, "Nitarudi mwezi wa kumi na mbili kwa majaruba ya Hamido." Ndivyo wanavyosema wote. Kusema kweli majaruba haya yalikuwa ya bibi mzaa mama, yakaja kwa mama, yakaja kwangu, na yatakwenda kwa binti yetu Zuleica aliyeolewa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Kwetu mwanaume anahamia kwa mkewe, analima vya mkewe, na kijiji kwa heshima kinavitaja kwa jina lake. Nyumba ya Hamido, mbuzi wa Hamido, majaruba ya Hamido. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Mimi mwenyewe nasema "majaruba ya Baba Zuleica" na sijioni nimepungukiwa kitu.

Jumapili 20 Julai

Mkuu wa kijiji kapita na kipaza sauti. Watu wote waliozaliwa nje ya nchi na hawana kadi ya ukaaji wajiandikishe. Brigada, yaani kikosi cha ofisi ya wageni, inakuja mwezi ujao. Mwisho ni tarehe thelathini Novemba. Baada ya hapo asiye na kadi atarudishwa kwao.

Hamido alikuwa anakula. Akaweka tonge chini.

Kwao! Huyu mtu alizaliwa Kilambo, ng'ambo ya Ruvuma, sawa. Lakini amekaa hapa miaka thelathini na moja. Amani ilipokuja mimi bado niko kwao, mama alituma salamu kwamba majaruba yanaliwa na magugu, nirudi. Nikamwambia huyu mume wangu mpya, mie naenda kwetu. Akavuka mto nami, jembe begani, na shati moja. Huko kwao kuna nini sasa? Makaburi ya wazazi wake na mwembe uliokatwa.

Nikamwambia, "Kula. Tutajiandikisha, kwani kuna nini?"

Jumanne 12 Agosti

Siku ya leo naiandika yote, hata mkono ukiuma.

Brigada wamekaa kwenye darasa la nne. Wamebandika bango ubaoni juu ya hesabu za watoto, na hilo bango wanaliita tabela: kila namna ya mtu na ada yake. Mwenye kazi ni binti mmoja, Dona Laura, mtu wa Mueda, miwani, kucha nyekundu, kompyuta imefungwa kwa mpira. Nikasema moyoni, haya, tumeletewa mtoto wa juzi atuhesabu sisi tuliokula chumvi nyingi.

Mbele yetu alikuwa Abdulai mkwea minazi, naye mzaliwa wa ng'ambo. Laura akamuuliza kazi. "Nakwea minazi." Ya nani? "Ya watu." Una mke? "Ancha, yule pale." Laura akaandika, karatasi ikatoka: elfu moja na mia tano. Abdulai akaguna, lakini elfu moja na mia tano mtu anaweza kuitafuta.

Zamu yetu. Hamido kavaa kanzu ya Idi. Laura akaandika jina, mahali alipozaliwa, akanyanyua macho. "Yale majaruba makubwa tuliyoyapita tukija, ni ya nani?"

Kabla Hamido hajafungua mdomo, darasa zima likaitikia: "Ya Hamido!"

"Ni yako?"

"Ni yangu," akasema, kifua mbele.

"Unaweka vibarua?"

"Wakati wa kukomba wanakuja sita, wakati mwingine saba."

Na mimi nimekaa nyuma yake, kitenge kipya, nimejaa fahari mpaka kooni. Naapa, nilikuwa nawatazama wenzangu kama kuwaambia, mmemwona mume wangu?

Karatasi ikatoka. Elfu ishirini na nne.

Nikasimama. "Dona, hapo umeongeza sifuri."

"Sijaongeza, Mama."

"Basi tufanye elfu tatu."

Watu wakacheka. "Mama, hapa si sokoni."

"Elfu nne, na gunia la chumvi nakuletea mwenyewe mpaka ofisini kwako Palma."

Akavua miwani. "Hilo la gunia sijalisikia," akasema polepole, "na usilirudie, kwa wema wako. Ada iko pale ubaoni. Mimi siongezi na sipunguzi."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia karatasi ya Abdulai na ya mume wangu ni karatasi moja, wino mmoja, picha mtu mmoja uso mmoja. Mmoja alipe bei ya mbuzi na mwingine bei ya nyumba, kwa hesabu gani? Nikamwambia mimi niliishi kwao miaka tisa, mkimbizi, sina hata kandambili, na hakuna aliyenitoza senti. Laura akasikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Anayefuata."

Njia nzima nilipiga hesabu. Msimu mzuri tunatoa magunia mia. Themanini yaende kwenye karatasi, tule nini?

Jumatano 13 Agosti

Nimerudi shuleni kabla hawajafunga vitu vyao, nikaisoma tabela mwenyewe. Kireno changu ni cha kuokota, lakini nasoma. Kuna mstari wa mwenye biashara: elfu ishirini na nne. Kuna mstari wa mwenzi wa raia: elfu moja na mia tano. Raia ni mimi. Mwenzi ni yeye. Kumbe mtu yuleyule angeweza kukaa mstari wa chini, ila sisi kwa midomo yetu tulimpandisha wa juu.

Nikamwambia Laura majaruba ni yangu. Akanitazama. "Jana hukusema."

"Jana ilikuwa mbele ya watu."

Hakucheka. Akasema maelezo ni ya Hamido, na wa kuyabadilisha ni Hamido, kwa kinywa chake, pale pale alipoyatoa, na shahidi mmoja wa ukoo wenye mali. Watarudi tarehe kumi na nane Novemba. Mimi siwezi kumsemea.

Nikaenda kumweleza Hamido kule kwenye kingo. Alisikiliza huku anapiga udongo kwa bapa la jembe. "Kwa hiyo nisimame mbele ya kijiji niseme sina kitu."

"Useme ukweli tu."

"Tutalipa," akasema.

Jumamosi 16 Agosti

Jua kali. Ganda la kwanza la chumvi limeshika jaruba la pili.

Jumatano 20 Agosti

Hamido anaamka kabla ya adhana. Anachimba jaruba la saba. Mtu wa miaka sitini na moja.

Jumapili 24 Agosti

Tumekomba. Chumvi nyeupe, safi, kavu. Hii ya kwetu hakuna inayoifikia kuanzia Mucojo mpaka mto Ruvuma, na anayebisha alete yake tuonje.

Jumatatu 1 Septemba

Kaka yangu Sadique, ndiye mjomba wa nyumba na msimamizi wa mali ya ukoo, kaja kunywa chai. Nimemweleza. Akasema yuko tayari kwenda mbele ya yule binti kusema majaruba ni ya ukoo wetu. "Lakini mumeo asiponyanyuka yeye kwanza, mimi nikinyanyuka nitakuwa nimemvua nguo." Nikamwambia kiburi cha wanaume kitatumaliza. Sadique akanitazama akasema, "Na wewe ulipokaa kimya darasani, kile kilikuwa kitu gani?" Nikamwongezea chai ili anyamaze.

Jumatano 10 Septemba

Nimepanda gari la asubuhi mpaka Palma. Sikumwambia Hamido ninakokwenda, nimesema nafuata magunia. Magunia nimenunua kweli, nisiwe mwongo kabisa.

Laura alikuwa peke yake ofisini, anakula muhogo wa kuchemsha na karanga. Akanikaribisha, nikala. Mtu aliyekukaribisha muhogo humgombezi mdomo ukiwa umejaa, kwa hiyo nikauliza kwa adabu: "Mwanangu, hizi ada nani anazipanga, na anazipangaje?"

Akaniambia anavyojua yeye. Wanakaa wakubwa huko Maputo. Kwanza wanaangalia kadi yenyewe inagharimu nini, mashine, watu, safari kama hizi za kuja Olumbi. Halafu wanamwangalia mtu kaja kwa sababu gani. Aliyekuja kuchuma analipa zaidi, maana anachuma. Aliyekuja kwa ndoa analipa kidogo, ili nyumba ya raia isivunjwe na ada. Ikishachapwa kwenye gazeti la serikali ndiyo hiyohiyo, Maputo na Palma na kila mahali. "Ingekuwa kila ofisa anapanga yake," akasema, "ungenikuta nakula nyama, si muhogo."

Nikamwambia bado sioni. Kitu kimoja hakiwezi kuwa na bei tatu.

"Mama, chumvi unauza shilingi ngapi?" Ndivyo alivyosema, shilingi badala ya metikali, ananichezea kwa kuwa nimesoma ng'ambo.

Nikaanza kumjibu. Feliciano mia tatu, jirani mia na hamsini, mwenye msiba... Gunia lilelile, chumvi ileile, majaruba yaleyale. Bei zangu mimi mwenyewe, nilizozipanga kwa akili yangu na kujisifu nazo! Lo. Laura akaendelea kumenya karanga wala hakunitazama, na kwa hilo tu nimemheshimu.

Wakati wa kuaga nikamuuliza kama anaipenda Palma. Akasema hapa sokoni wanamwita mgeni, mtu wa bara, na yeye ni raia tangu babu yake. "Nawaandika wageni mchana kutwa, jioni naitwa mgeni." Kucha zake nyekundu, nimeona leo, amezipaka mwenyewe na rangi imetoka pembeni.

Ijumaa 19 Septemba

Upepo mzuri. Chumvi inakauka kabla hujageuka.

Jumanne 30 Septemba

Nimemwambia Hamido nilikwenda kwa Laura. Nisingemwambia ingekuwa afadhali. "Umekwenda kunisemea kama mtoto." Mimi nikamjibu, nami nikikasirika sina breki: "Mtoto angeshaelewa." Hajala chakula cha jioni.

Alhamisi 9 Oktoba

Hatusemezani. Kila mtu anakomba upande wake. Magunia hamsini na mawili yako kwenye lundo, na lingine linakua. Wapita njia wanatusifu, ati mwaka huu majaruba ya Hamido yana baraka.

Jumanne 14 Oktoba

Mvua.

Jumatano 15 Oktoba

Jana sikuweza kuandika zaidi ya hilo neno.

Mwezi wa kumi mvua haiji hapa. Ikija ni manyunyu ya kulowesha vumbi. Jana alasiri wingu lilitokea bara, jeusi, nikaliona nikiwa nyumbani natwanga. Kazi ya kufunika malundo kwa makuti ni yangu. Imekuwa yangu tangu enzi za mama, wanawake ndio wanaofunika. Lakini Hamido alikuwa kule kule majarubani, nikasema, huyo fahali yupo, afunike mwenyewe. Na yeye kule, kama alivyoniambia baadaye, aliona wingu akasema, kufunika ni kazi ya mke wangu, nikigusa makuti yake ataniambia namdharau. Akaenda kuziba lango.

Mvua ilipiga saa nzima. Nilipofika nikikimbia, kitenge kimenishika miguu, malundo mawili yalikuwa yanatiririka. Chumvi ya miezi mitatu inarudi baharini, na mimi nimesimama na kuti moja mkononi. Nililia kwa sauti. Siandiki uongo, nililia kama msibani.

Hamido alikuwa amepiga magoti kwenye maji, anakusanya kwa mikono. Anakusanya maji. Nikamwita, hasikii. Nikaingia nikamshika mabega. Mabega yamekonda. Tangu lini mabega haya yamekonda, na mimi nalala naye kitanda kimoja?

Tukakaa kwenye kingo, tumelowa, hakuna tena cha kuokoa. Hapo akasema. Aliyasema akitazama maji.

"Nilipokuja hapa nilikuwa na jembe na shati. Mama yako hakuniuliza nina nini. Siku ya nne akayaita majaruba ya Hamido. Unajua nilijisikiaje? Nilikuwa mtu. Najua si yangu, nimejua kila siku. Lakini hilo jina ndilo kitu pekee nilichopewa hapa nikakishika. Yule binti anataka nikirudishe mbele ya watu."

Mimi miezi miwili nilikuwa namwita mwenye kiburi. Kumbe alikuwa anashika zawadi ya mama yangu. Nani alizijenga kingo hizi tuliporudi kutoka kukimbia vita vya juzi, tukakuta bahari imeingia kote? Yeye. Miezi minne, koleo moja, wengine wote wanasema imeshindikana, tuombe kazi kwa wazungu wanaochimba gesi. Kila mkono wa udongo ninaoukalia ni wa kwake.

Nikamwambia, "Usirudishe. Sitaki urudishe. Lakini sikiliza, Baba Zuleica. Wakikuvusha mto, navuka."

"Na majaruba?"

"Yazame."

Akageuka akanitazama, kama nimetukana. "Ya bibi yako? Ya mama yako? Yazame?"

"Yazame. Nilishavuka mto huo mikono mitupu, nikapata mume. Naweza kuvuka tena nikiwa naye."

Akainuka, akaenda kuchukua makuti, akaanza kufunika kalundo kadogo kalikobaki. Nikamsaidia upande wa pili.

Jumapili 19 Oktoba

Jua limerudi. Tumefungua maji mapya.

Jumatatu 27 Oktoba

Ancha kaniuliza kama ni kweli tunahama. Habari za kijiji hiki zina miguu. Nimemwambia mwenye macho atazame majaruba, kama anaona mtu anayehama.

Alhamisi 6 Novemba

Tumekomba, magunia kumi na manane. Hayatoshi elfu ishirini na nne hata tukiyauza kwa bei ya dhahabu. Hamido anaimba akifanya kazi. Simwelewi.

Jumatatu 17 Novemba

Kesho. Nimepiga pasi kanzu. Hamido kasema hapana, atavaa shati la kazi. Nimemuuliza atasema nini, akaniambia nimwachie kinywa chake. Nimeuza magunia thelathini, hela iko kwenye kitambaa, na nguo zetu mbili mbili nimezifunga kimyakimya kwenye kibegi. Nilisema navuka, navuka. Atija binti Abibo hasemi kitu mara mbili.

Jumanne 18 Novemba

Leo pia naandika yote.

Darasa lilijaa kuliko mwezi wa nane, maana kila mtu alitaka kuona. Laura na miwani yake, tabela pale pale ubaoni. Sadique kakaa dirishani. Jina likaitwa.

Hamido akasimama na shati lake lenye chumvi mgongoni. Jembe lake alikuwa nalo, ameliegemeza mlangoni. Akavua kofia, akaishika mbele yake.

"Dona," akasema, "mwezi wa nane uliniuliza majaruba ni ya nani, nikasema yangu. Sikukusudia kudanganya. Huku ndiyo adabu, mali ya mwanamke inatajwa kwa jina la mumewe. Lakini serikali haijui adabu yetu, na si kosa lake. Basi andika upya. Majaruba ni ya mke wangu. Kapewa na mama yake, naye kapewa na mama yake. Mimi sina jaruba hata moja."

Nilikuwa natazama sakafu, nimekaza meno, namwonea uchungu mwanaume wangu. Nilidhani amemaliza.

"Andika hivi," akasema, na sauti ikapanda. "Mimi ni mume wa Atija Abibo. Miaka thelathini na moja. Nimejenga kingo zake, nimefungua maji yake, nimekomba chumvi yake, na nikiambiwa nianze leo nitaanza leo. Niliona haya kulisema hilo. Sasa nimeitafuta haya yenyewe, siioni."

Jina langu. Miaka thelathini na moja sijawahi kulisikia kinywani mwake mbele ya watu. Ni Mama Zuleica sokoni, Mama Zuleica msibani. Atija Abibo, mbele ya kijiji kizima, kwa sauti ya mtu anayetangaza cheo! Nikanyanyua kichwa. Wallahi, nikanyanyua kichwa nikawatazama wote, mmoja mmoja.

Mzee mmoja nyuma akataka kufanya utani: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe!"

Sadique akainuka pale dirishani. "Huyu hakupewa. Alikuja nalo mwenyewe, lile pale mlangoni." Kisha akamgeukia Laura. "Mimi ni mjomba wa nyumba hii. Majaruba ni ya ukoo wetu, upande wa wanawake. Nashuhudia. Na andika pia kwamba bila mtu huyu yangekuwa bahari."

"Hilo la pili halina mahali kwenye fomu, baba," akasema Laura.

"Basi lisikie tu."

"Nimelisikia." Akaandika, akauliza, "Kazi?"

"Nimeshasema," akajibu Hamido. "Mume."

Hapo Laura alicheka, mara ya kwanza namwona, akafunika mdomo na zile kucha. "Hiyo tabela haijui. Naweka mtengeneza chumvi." Karatasi ikatoka. Elfu moja na mia tano, si zaidi wala si pungufu. Ancha akapiga kigelegele, wanawake wakapokea, mpaka mwalimu wa darasa la tano akaja kuuliza nani kaolewa.

Nilifungua kitambaa nikalipa mwenyewe. Laura akanipa risiti, akasema chinichini, "Mama, sikukupunguzia hata senti."

"Ungenipunguzia ningekudharau, mwanangu," nikamwambia.

Kibegi nimekifungua tulipofika nyumbani, kabla Hamido hajakiona. Alikuwa ameshakiona.

Jumamosi 29 Novemba

Mawingu kila siku sasa. Tumefunika malundo wote wawili. Kuanzia mwaka huu, anayeona wingu kwanza anafunika.

Jumanne 9 Desemba

Mvua zimeanza kweli, msimu umekwisha, na daftari limebakia kurasa mbili. Magunia sitini na moja kwa jumla, pamoja na yale niliyokwisha kuuza. Nimewahi kupata mia na ishirini, na mwaka ule sikuwa na raha kama hii.

Asubuhi Laura kapita na gari la ofisi akatuletea kadi. Nilimpa chai tu, maana gunia alishanikataza. Hamido ameigeuza kadi mara kumi, picha haifanani naye, amekodoa macho. Amenipa mimi niiweke kwenye sanduku la bati, juu ya madaftari.

Mchana Feliciano kafika na gari lake. Kulikuwa na watu wengi barazani, wanangoja mvua ipungue. Akashuka, akatazama magunia, akasema, "Haya, hii ndiyo chumvi ya nani?" Alikuwa anatania, habari zilishapanda mpaka Mueda.

Nikajibu, kama nilivyofundishwa, "Ya Baba Zuleica."

Hamido, kwa sauti kubwa kutoka ndani ya banda, wakati uleule: "Ya Atija!"

Feliciano akabaki na noti zake mkononi, anatutazama huku na huku. "Sasa hela nimpe nani?"

Hamido akatoka, gunia begani, akapita katikati yetu kwenda garini. "Mpe mwenyewe," akasema. "Mimi ni mumewe."